Kioko, Ndani Hamkuwa na Kitu

Kioko,

Pasta amenipa mpaka Ijumaa. Anataka nikamilishe maelezo ya jumla na dhamira, yaani ukurasa wa kwanza wa ule mpango wa teknolojia wa shule tuliouanza mimi na wewe kabla ya uchaguzi, na ambao sasa umeniachia peke yangu. Nimekaa darasa la saba. Watoto wameenda nyumbani. Mbele yangu kuna karatasi ulizoandika kwa ule mwandiko wako wa kubana, kama mtu anayelipia kodi kila mstari. Nimezisoma mpaka macho yamechoka, na mimi sijaandika hata sentensi moja. Ndiyo maana nakuandikia wewe. Wewe angalau hutaniharakisha.

Nimekukasirikia. Wacha niliseme hilo kwanza kabla sijaanza kulia, kwa sababu nikianza kulia nitasema mambo mazuri tu juu yako, kama walivyosema wote kanisani, na sisi wawili tunajua hukuwa malaika. Ulikuwa mbishi. Ulikuwa ukikopa chaki yangu nzima na kunirudishia kipande cha ukubwa wa punje ya mahindi. Lakini ulikuwa rafiki yangu. Wewe ndiye mtu pekee niliyeweza kugombana naye asubuhi na saa nne tukanywa chai pamoja.

Unakumbuka tulivyoanza. Wafadhili walituma ujumbe kwamba wako tayari kuleta kompyuta, mradi tu shule iandike mpango: shule ni ipi, ina nini, inataka kumfikisha mtoto wapi. Pasta, kwa kuwa shule ni yake na kanisa ni lake lakini kuandika si kwake, akatutupia sisi. Likizo ya Desemba ikatukuta hapa hapa Kianda, mimi nikitoka Kawangware kwa miguu, wewe ukitoka Kambi Muru na chapati ambazo Mwende mkeo alikuwa ametufungia kwenye gazeti.

Tuliandika kwa Kizungu huku tukibishana kwa Kiswahili. Mimi niliandika kwamba shule inatarajia kuwa na chumba cha kompyuta. Ukachukua kalamu, ukakata "inatarajia kuwa na", ukaweka "ina". Nikakuuliza, Kioko, kompyuta ziko wapi? Ukanijibu bila hata kuinua kichwa: "Madam, hawa watu hawapei mtu ako na shida. Wanapea mtu ako ready. Ukiwaambia huna, wanaenda kwa shule ingine."

Na ulikuwa unasema kweli. Huku kwetu shule zote hufanya hivyo. Maktaba inaandikwa ukutani kabla ya kitabu kimoja kuingia. Zahanati inachorewa msalaba mwekundu na ndani hakuna hata kidonge cha kichwa. Wageni wakija na kamera wapate cha kupiga picha, basi. Hakuna anayeuita uongo. Tunaita kujipanga.

Ukajipanga. Ulimtafuta fundi wa kuchomelea, akatutengenezea mlango wa chuma ambao hata yeye mwenyewe aliushangaa. Baba za watoto wakaunga meza ndefu kwa mbao walizotoa mjengoni. Kisha ukamleta yule kijana anayeandika majina ya vibanda, akapanda juu ya stuli na kuandika kwa rangi ya buluu, herufi za kusomeka kutoka barabarani: CHUMBA CHA KOMPYUTA. Pasta akaja, akapiga picha, akafunga kufuli na kuondoka na ufunguo mpaka kwake Nyayo Highrise. Ndani mlikuwa na meza na vumbi la mbao. Ulisimama pale umeshika kiuno, ukaniambia, "Sasa hiyo ndiyo shule." Nilikucheka sana siku ile.

Halafu watu wakapiga kura, matokeo yakatangazwa, na moto ukaanza. Kawangware tulijifungia ndani. Barabara zilizibwa kwa mawe na matairi, unga uliisha madukani, na kredo ya simu haikupatikana hata kwa kuombwa. Mwende alinitumia ujumbe mmoja: "Kioko ameenda kuangalia shule." Nikakaa na simu mkononi, sina hata kredo ya kumjibu akurudishe.

Yaliyofuata nimeyapata kwa Mama Achieng, yule wa mandazi anayekaa mkabala na geti letu. Aliona yote kupitia tundu la mabati yake. Anasema vijana walikuja wengi, na mmoja wao uliwahi kumfundisha hesabu. Hawakukuuliza wewe ni wa wapi, wala umempigia nani kura. Walikuwa wamesoma yaliyoandikwa juu ya mlango, kama vile tulivyotaka yasomwe. "Mwalimu, toa hizo mashine." Ukawaambia hakuna mashine. Wakakuonyesha maandishi. Ukawaambia hiyo ni rangi tu, ndani hamna kitu. "Basi fungua tuone."

Na ufunguo ulikuwa Highrise.

Hapo ndipo ninapokwama kila nikifikiria. Ungeondoka, Kioko! Ungewaacha wapambane na ule mlango. Wangeuvunja, wangekuta meza, wangebeba meza, na wewe ungekuwa nyumbani kwa mkeo na mtoto, na leo tungekuwa hapa tunagombana juu ya sentensi. Mama Achieng anasema hukusogea. Anasema ulisema, "Hii ni ya watoto," ukauegemea mlango. Nini ya watoto? Nimekuuliza swali hilo mara nyingi nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari, nikiwa kanisani watu wamefumba macho. Ulikuwa unalinda nini? Walikupiga pale pale. Halafu risasi za polisi zikasikika upande wa chini, wakakimbia. Mlango haukupata hata mkwaruzo wa maana.

Barabara zilipofunguka Mwende alikupeleka Kitui, na kwetu bado ilikuwa haitokeki. Kwa hiyo sijaona kaburi lako. Kwangu mimi ni kama ulitoka kwenda kuchukua chaki.

Mengine yaliyotokea tangu uende: wakubwa waliogombania kura wameshikana mikono. Tuliwaona kwenye televisheni ya hoteli, wanacheka, na watu wakapiga makofi, mimi nikaacha chai yangu mezani nikatoka. Shule imefunguliwa. Darasa lako la sita limepungua mpaka wote wanakaa upande mmoja, karibu na dirisha. Wengine wamepelekwa ushago, kwa nyanya zao kijijini, wengine wako kwenye mahema, wengine sijui, na naogopa kuuliza. Siku hizi mzazi mpya akija haulizi kama mtoto atasoma vizuri. Ananiuliza jina langu la pili, halafu ananitazama usoni akipiga hesabu ya kabila langu. Na watoto wameshaiga. Wale waliokuwa wakigawana penseli sasa kila mmoja anaficha yake ndani ya soksi.

Katikati ya haya yote Pasta ananiletea karatasi zako. Wafadhili wameandika tena, bado wana moyo. "Madam, page ya Mwalimu usiiguse," akaniambia. "Ongeza tu dhamira, na useme hicho chumba kitaitwa kwa jina lake. Alikufa akilinda teknolojia. Hiyo itawagusa." Nilizivuta karatasi zako mkononi mwake. Lakini nisimwonee. Ni mtu aliyelaza familia za watu kanisani kwake wakati wengine walikuwa wanafunga mageti. Na alisema jambo moja zaidi. Alisema mashine zikija, chumba kitakuwa cha kompyuta kweli, na hakutakuwa tena na uongo wa kumuumiza mtu.

Nilikaribia kukubali, na nilikaribia kukubali kwa sababu ya Mwende. Mwende amekuwa akiwaambia watu, kule Kitui na huku, kwamba mumewe alikufa akilinda kompyuta za watoto na kompyuta ziko salama. Ndilo neno linalomwinua kitandani asubuhi. Kumbe hukumwambia. Mlikula sahani moja na hukumwambia kwamba ni rangi! Labda uliona haya. Labda ulitaka azione siku zikifika.

Juzi amekuja kuchukua vyombo vyake Kambi Muru, akapita shuleni na mtoto wenu Kyalo mgongoni. Amekonda. Akaniambia, "Sister, nionyeshe hizo kompyuta. Nataka nizishike tu, halafu niende."

Nikaenda kwa Pasta ofisini nikachukua ufunguo. Kutoka ofisini mpaka kwenye ule mlango ni hatua chache, lakini nilikuwa na muda wa kutosha kutunga: zimepelekwa kutengenezwa, zimehamishwa kwa ajili ya usalama. Angeamini. Nikafungua. Mwende akaangalia meza, akaangalia pembeni, akaenda mpaka nyuma ya mlango kutazama kama ziko huko. Kisha akageuka akaniuliza, "Ziliibwa lini?"

Alinipa uongo mwenyewe, Kioko. Alinikabidhi mkononi, tayari umekunjwa. Ningesema tu wiki iliyopita, tungekumbatiana, tungewalaani wezi, na wewe ungebaki vile alivyokuweka. Nikamwambia hazikuwahi kuja.

Hakulia. Alifungua leso, akamshusha mtoto, akafuta vumbi kwenye meza moja kutoka mwanzo mpaka mwisho, akamkalisha mtoto juu yake. "Na yeye alikuwa anajua?" Nikasema alikuwa anajua. Akaikung'uta ile leso. "Kwa hivyo ni rangi. Baba Kyalo ameuliwa juu ya rangi." Akamfunga mtoto mgongoni akaondoka. Nilimfuata hadi relini nikimwita, na watu wakitutazama, hakugeuka. Jana nimempigia, hashiki simu.

Nilidhani nikisema kweli nitahisi wepesi. Sikuhisi wepesi wowote. Nimebaki na uzito wangu na nimemwongezea yeye wake, na mtoto atakua akisikia habari ya baba yake tofauti kabisa na vile ambavyo angesikia. Sijui kama nilifanya vizuri. Ungekuwepo ungenibishia, na safari hii pengine ungeshinda.

Lakini tangu juzi mkono umekataa kuandika "ina". Nimejaribu. Namfikiria Purity wa darasa la saba, ambaye anakutajia kila kitufe cha kompyuta kutoka kwenye ule ubao wa vitufe uliomchorea juu ya katoni, na hajawahi kugusa ya kweli. Najua wafadhili wakisoma ukweli wataenda kwa shule ingine, kama ulivyosema. Najua Purity ndiye atakayelipa. Hakuna sentensi ninayoweza kuandika hapa ambayo haimuumizi mtu. Nimeandika ile ambayo naweza kusimama mbele ya mlango na kuisoma kwa sauti:

Shule yetu iko Kianda, Kibera. Haina kompyuta. Ina chumba chenye meza, na juu ya mlango maandishi yaliyotangulia kompyuta zenyewe. Mwalimu aliyeuanza mpango huu aliuawa mbele ya mlango huo na watu walioyaamini maandishi. Wanafunzi wengi bado hawajarudi.

Nimeiacha barua hii kidogo, nimempelekea Pasta ofisini pamoja na dhamira, na sasa nimerudi. Amesoma amesimama, akavua miwani. "Madam, hii si dhamira. Hiki ni kilio." Akasema dhamira ataitoa, aweke nyingine. Hakunifokea. Ingekuwa afadhali angenifokea.

Sasa wacha nikuage, Mwalimu, giza linaingia na lazima nivuke kwenda Kawangware kabla njia haijawa mbaya. Shule zikifungwa nitaenda Kitui kwa Mwende. Akinifukuza nitakaa nje ya boma mpaka achoke kunifukuza. Sitaenda kumwambia ulikuwa shujaa, kwa sababu atanicheka, na atakuwa na haki. Nitamwambia uliwatakia watoto mema, ukakosea, na kwamba mimi nimekukosa kila siku ya Mungu. Nitakuona kaburini pia. Nitakugombeza huko.

Na hii ndiyo dhamira, nakuandikia wewe ili ibaki imeandikwa mahali: shule hii ipo ili mtu yeyote asife tena akilinda kitu ambacho hatuna. Pasta akiikata, nitaiandika tena.

Rafiki yako,
Nekesa