Sanelma Kagoma Mtambo Usitupwe

Kaisu, shoga, weka hiyo kahawa chini. Sanelma wetu katuumbua sote kwenye mkutano.

Unaujua ule mtambo wa kufumia vitambaa wa chama chetu cha wafumaji, unaoongozwa na kompyuta. Kompyuta mpya haiutambui, na waliouunda walishafunga kiwanda. Mwenyekiti Jalmari akaleta hoja tuutupe. Sanelma akakataa, eti draiva, ile programu ya kuuunganisha na kompyuta, kaiandika mwenyewe. Mwenyewe, Kaisu.

Jalmari akacheka. "Mama, wenye mtambo wameshindwa, wewe nani?"

"Mimi ndiye ninayeufumia."

Akachomeka waya mbele yetu, mikate ya iliki bado midomoni. Mtambo ukaitika, tak tak tak. Kaisu, uliitika. Halafu kitambaa kikatoka cheupe karibu chote, ua la bluu alilotaka kulifuma halionekani. Nilitamani sakafu inimeze kwa niaba yake.

"Haya," anasema Jalmari, "tupige kura."

Sanelma akasogea mtamboni. Akatoa kile kioo chake kidogo cha kujitazamia, akakipitisha chini ya kitambaa. "Shika, mwenyekiti. Inama utazame."

Mzee mzima akapiga magoti. Ua lote liko upande wa chini, limetulia, halina kasoro. Draiva ilikuwa inashusha nyuzi za kuinuliwa na kuinua za kushushwa, basi.

"Nimekosea upande, ua sikulikosea," anasema Sanelma. "Kesho naligeuza. Sasa piga kura yako."

Shoga, hakuna mkono uliopanda wa kuutupa. Hata wa Jalmari. Wake ulikuwa bado umeshikilia kioo.