Picha ya Saba kwenye Ukuta wa Bwalo

Jumatatu, 3 Juni

Nimeanza kazi ya bwalo la shule. Mwalimu mkuu alinipigia juzi, akazunguka mbuyu weee kabla ya kufika alikokuwa anakwenda. Afisa elimu anakuja Ijumaa ya tarehe 14. Ataamua kama kipindi cha sanaa kiendelee au saa zake zipewe hesabu. Ukuta wa marehemu mke wangu, aliyekuwa mwalimu wa sanaa hapa, umeishia picha ya sita. Tukimaliza ya saba, afisa ataonyeshwa. Tusipomaliza, ukuta mzima utapigwa rangi ya krimu, na kipindi kitazikwa nao.

Nikamwambia mimi ni fundi rangi, shule niliishia njiani, habari za Wagiriki wa kale nazisikia tu. Akasema watoto wanazijua. Wewe jua ukuta.

Ukuta naujua.

Miezi minne tangu anitoke. Nilidhani nitashindwa kuingia mlangoni, sikushindwa. Wote wapo: mfalme Odiseo kafungwa kwenye mlingoti, jitu la jicho moja, wale kondoo, watu weusi juu ya ukuta mwekundu. Wekundu ule ni rangi ya sakafu, mabaki ya kazi yangu ya zahanati. Aliponiomba makopo mawili nilimwambia rangi ya sakafu haipandi ukutani. Akasema vyungu vya Wagiriki vilikuwa na rangi hiyohiyo, na hao hawakumwuliza fundi.

Sehemu ya saba iko karibu na mlango wa jikoni. Mita moja na nusu, chafu kweli. Mafuta, masizi, alama za vidole. Plasta imepasuka pembeni. Nimepiga msasa, nimefuta kwa kitambaa chenye maji, nimeziba nyufa, nimepaka praima, rangi nyeupe ya msingi. Kazi safi.

Jumanne, 4 Juni

Praima mara ya pili. Ukuta umekuwa laini kama yai. Kesho watoto.

Jumatano, 5 Juni

Watoto kumi na mmoja. Yule msichana ambaye mke wangu alimwita Msemaji nimemtambua kabla hajafika mlangoni, kwa sauti. Alipouona ukuta akanyamaza.

"Fundi, mchoro wa Mwalimu uko wapi?"

Mchoro upi, nikauliza.

Akasema Mwalimu aliuchora pale kwa mkaa, Ijumaa ile kabla ya kulazwa. Aliwaambia wasiuguse mpaka arudi. Hawakuugusa. Muhula mzima walikula wakiwa wameupa mgongo, meza wamezisogeza mbali, wasije wakaukwaruza na viti.

Mkaa. Mimi niliona masizi ya jikoni.

Mvulana mrefu akasema labda wapishi wameufuta. Nami nikainama nikatafuta brashi kwenye ndoo, ingawa brashi ilikuwa mkononi.

Ijumaa, 7 Juni

Nimewauliza mchoro ulikuwa wa nini. Msemaji anasema kitanda. Mrefu anasema mbwa mzee. Msichana mwenye miwani anasema mwanamke, kakaa. Wakaanza kubishana, nikasema basi nielezeni hadithi, mimi mgeni.

Wakanieleza wote kwa pamoja. Odiseo anarudi nyumbani baada ya miaka ishirini, kavaa matambara kama ombaomba. Mbwa wake anamtambua, anatikisa mkia, anakufa. Mke hamwamini. Anamtega: anawaambia watumishi wakitoe kile kitanda chumbani. Mume anakasirika, anasema kitanda kile hakitoki, nilikitengeneza mwenyewe, mguu wake mmoja ni mti wenye mizizi ardhini. Siri hiyo waliijua wao wawili tu. Ndipo mke akamjua.

Nikawaambia mti ulio hai unanenepa, kitanda kingepasuka mwaka wa tatu.

"Fundi, hii ni hadithi," Msemaji akasema.

"Hata hadithi iwe na seremala anayejua kazi."

Wamecheka. Wakati wanacheka, nimesikia kupitia dirisha la kugawia chakula mwalimu mkuu akiwauliza wapishi nani kafuta ukuta. Mpishi mkuu akajibu kwamba miaka yote aliyofanya kazi hapa hajawahi kufuta kitu asichotumwa, na kama anashukiwa, leo sufuria ajipakulie mwenyewe. Nilikuwa nakoroga rangi nyeusi. Nimeikoroga mpaka ikatoa povu.

Jumapili, 9 Juni

Nimepekua madaftari yake. Picha sita zote zipo, ndogo, kila moja imegawanywa kwa miraba. Ukurasa wa saba una mstari mmoja tu: "Hii nitaichora palepale."

Nimepata na brashi zake. Alipokuwa akifikiri alitafuna mpini. Mipini yote ina alama za meno. Nimezihesabu brashi, kisha nikaona ninachokifanya, nikazifunga.

Shemeji, dada yake mkubwa, kaja mchana na chakula. Nimemwambia. Yeye wa kwanza. Nimemwambia kitu cha mwisho cha mkono wake nimekipiga msasa mimi, nikakifuta, nikakipaka praima mara mbili ili kisionekane tena milele.

Kaweka chakula mezani. Kisha kasema, "Shemeji, mdogo wangu alilalamika miaka yote kwamba ukiona doa hulali. Angekuona na kile kitambaa angecheka mpaka akae chini."

Tumecheka. Kisha hatukucheka. Alipokuwa anaosha vyombo vyake akauliza, mgongo kanipa: na hao wapishi?

Kesho, nikasema.

Jumatatu, 10 Juni

Nimeanzia jikoni. Mpishi mkuu alikuwa anachambua mchele. Nikamwambia ni mimi.

"Najua," akasema. "Nilikuona na kitambaa chako. Nilikuwa nangoja uote ulimi."

Kwa nini hukumwambia mwalimu mkuu?

"Mtu kafiwa, mimi nikamsemee? Lakini ungefika Jumatano bila kusema, ningekusema kwa kipaza sauti."

Nimemfuata mwalimu mkuu, naye kaandika kitu kwenye karatasi na kusema sawa. Kisha watoto. Hao ndio niliowaogopa. Nimesema yote nikiwa nimesimama, maana nikikaa nakuwa mfupi kuliko Mrefu.

Msemaji akauliza swali moja: wakati unafuta, uliona nini?

Hakuna aliyekuwa ameniuliza hivyo, hata mimi mwenyewe. Nimefumba macho. Nilikumbuka mstari mmoja, mnene, umepinda, chini upande wa kulia. Nilidhani ni fagio limegonga ukuta. Niliupitishia kitambaa mara mbili kwa sababu haukutoka mara ya kwanza.

Yule wa miwani akaanza kulia kidogo, akaacha.

Mrefu akasema, "Basi na fundi ni shahidi. Tuko kumi na wawili."

Wamejadiliana bila mimi. Uamuzi: kila mtu atachora kwa mkaa, juu ya wekundu, kile anachokikumbuka yeye, pale alipokiona. Hakuna kufuta cha mwenzio. Mistari ya watu wawili au zaidi ikikutana, hapo ndipo pa kupaka nyeusi. Nimewauliza wamejifunza wapi. Wakasema kwa Mwalimu: Wagiriki wenyewe hawakukubaliana kuhusu hadithi zao, kila mji ulikuwa na yake, na kazi yako ni kuchora ile unayoweza kuitetea.

Alasiri nimepaka wekundu. Umekolea.

Jumatano, 12 Juni

Kazi ya mkaa imeisha. Ukuta ni vurugu tupu. Mbwa watatu, kitanda chenye miguu mitano, mwanamke kageuka huku, mwanamke kageuka kule, mikono isiyo na mwenyewe. Mapajani mwa mwanamke kuna kitu ambacho watu wanne wamekichora na hakuna anayeweza kusema ni nini.

Mimi nilikuwa wa mwisho. Nilichukua mkaa, nikapinda mstari wangu chini kulia. Nilipojitoa tukaona umelalia mistari mingine mitatu, umepishana nayo kwa upana wa kidole. Kwa Msemaji ni mzizi. Kwa Mrefu ni mkia. Kwa wa miwani ni pindo la nguo. Mahali ni palepale.

Mpishi mkuu alikuwa dirishani na mwiko, kainama aone.

Nimefundisha miaka mingi vijana wa kazi jinsi ya kushika brashi. Sikuwahi kufundisha darasa. Leo nitalala vizuri.

Alhamisi, 13 Juni

Afisa elimu kaja leo. Siku moja kabla. Yuko ofisini anakunywa chai.

Mwalimu mkuu kaja mbio na viatu vya visigino. Kasema, fundi, hii haionekani kama picha, hii inaonekana kama ugomvi. Kaniomba nipitishe rola ya praima juu ya sehemu ya saba, haraka, tumwambie afisa ukuta umeandaliwa kwa picha ya mwisho. Ukuta safi unaeleweka, kasema. Na picha sita zinatosha kuokoa kipindi.

Si mjinga. Kwa joto hili praima inakauka kwa dakika arobaini. Nina rola, nina ndoo, nina mikono. Na kweli, afisa akichukia, saa za sanaa zinakwenda hesabu, na ni mimi nitakayekuwa nimezipeleka.

Nimemwambia sipaki.

Kaniuliza kama nimefikiria vizuri. Nimesema safari iliyopita sikufikiria, na ukuta ulitoka safi sana.

Kaenda. Karudi. Kasema basi ataupaka mwenyewe, ndoo iko wapi. Nimeifunga kifuniko na kuikalia, na hapo ndipo ninapoandikia, daftari juu ya goti. Kwa heshima zote sijasimama.

Watoto hawajatusikiliza. Nyeusi imeanza kushika: mguu wa kitanda, bega, sikio moja la mbwa. Msemaji yuko juu ya benchi, Mrefu kalishikilia. Wanabishana kuhusu uso wa mwanamke. Watano walimchora kageukia ukuta, watano kageukia kwetu. Kura moja haijapigwa, ya yule wa miwani, naye anasema asiharakishwe.

Mlango umefunguliwa. Afisa kaingia na kikombe chake. Kazipita picha sita bila kusimama, kaja moja kwa moja hadi hapa, kavaa miwani yake. Mwalimu mkuu ananitazama mimi na ninachokikalia.

Afisa anauliza kwa nini huyu mama hana uso.

Msemaji hajageuka. Anasema subiri, bado tunaamua, na wewe umewahi kusubiriwa na mtu miaka ishirini? Afisa kavuta kiti, kakaa.