Vigelegele Nyuma ya Tangi la Maji

Mama,

Sijamwambia mtu yeyote, nakuambia wewe: vile vigelegele vya siku ya kufunga shule vilikuwa vyangu. Si vya Mama Mdogo. Ni mimi, Atupele wako, ambaye hata hodi napiga kwa ukucha. Nilipiga nikiwa nimejificha nyuma ya tangi la maji la shule, nimeziba nusu ya uso kwa mkono.

Nakuandikia nikiwa jikoni. Nachagua mchele wa Krismasi, ule wa Rujewa, mawe matupu. Karatasi iko chini ya ungo. Mtu akipita nafunika, akienda naendelea, kwa hiyo usishangae mwandiko ukirukaruka.

Nianze na habari za watoto, maana ndizo ungeuliza kwanza. Shule zikifungwa wewe ulikuwa unazikusanya na kuzigawa mpaka kwa watu ambao hawakuuliza. Mwenye duka alikuwa anajua nimepata ngapi kwenye hesabu kabla sijafika nyumbani mwenyewe. Nilikuwa naona aibu, natamani ardhi ipasuke. Sasa hakuna anayejua chochote kuhusu sisi, na hiyo inauma kuliko aibu.

Gwamaka anaingia la sita. Siku hiyo alipiga ngoma ya gwaride, ile kubwa, mpaka ngozi ya kidole ikachubuka. Lakini darasani ameanguka. Mwaka jana alikuwa wa tatu. Safari hii jina lake lilisomwa karibu na mwisho, watu wameshaanza kuongea mambo yao. Baba aliona gwaride tu. Anawaambia wenzake wa kiwanda cha mbao, "Ile ngoma kabeba kijana wangu." Ya darasani hajamuuliza, wala hajamkemea. Nadhani Gwamaka angependa akemewe.

Mimi ripoti yangu ya Form Two imeandikwa Kiingereza, basi Baba akaniambia nimsomee. Pale mwalimu alipoandika "too quiet" mimi nilisoma "mtulivu sana." Akafurahi, akasema nimefanana na yeye. Huko bwenini Iringa nafundishwa lugha mbili, Mama, na zote mbili nanyamaza.

Na Tumpe. Tumpe wako amekuwa wa kwanza. Darasa la kwanza, wa kwanza! Meno ya mbele yameng'oka yote mawili, na jina lake ameliandika kwa mkaa kila ukuta, hadi chooni.

Sikia ilivyokuwa. Mwalimu mkuu alimwita mbele, akampa daftari na penseli, watu wakapiga makofi. Halafu Tumpe hakurudi kukaa. Akabaki palepale, na vile viatu vya Gwamaka vya zamani vimejaa tope, anaangalia majani mbele ya miguu yake. Mwalimu akamwambia, "Haya, nenda, mwanangu." Hakwenda. Watu wakaanza kucheka kidogo. Tuliojua ni mimi na Gwamaka tu. Alikuwa anasubiri kanga. Alishaona ukitutandikia sisi wakubwa, unaifungua kiunoni tukitajwa tu, unaitandaza chini tupite juu yake mpaka kwako, na watu wa hapa Mafinga wanaulizana hawa watu wa Tukuyu wana nini. Tumpe alikuwa anaingoja zamu yake tangu hajaanza shule.

Ndipo vikanitoka. Sikuamua. Vilitoka kama vya kwako hasa, viwili virefu, halafu kile kifupi kinachokatika katikati kama mtu aliyejikwaa. Hapa hakuna mwanamke anayepiga hivyo. Unakumbuka ulivyokuwa ukinifundisha kwenye shamba la mahindi, mimi nafungua mdomo, hakitoki kitu? Ukaniambia, "Atu, ulimi unao. Aibu ndiyo imeukalia."

Tumpe akainua kichwa. Alikutafuta, Mama. Aligeuka huku, akageuka kule, mdomo wazi na pengo lake, anacheka. Na mimi nikashindwa kutoka. Kanga nilikuwa nimejifunga. Ningetoka tu nyuma ya tangi, nikaitandika, basi. Badala yake nikaikaza kiunoni.

Wakati huohuo Mama Mdogo alikuwa ameshainuka kwenda kumchukua mtoto, akamshika mkono. Macho yote yakawa kwake. Mama Zawadi wa nyumba ya pili akapaza sauti, "Hongera, mama watoto!" Fundi mmoja wa kiwandani akamtania Baba, "Mzee, umeoa mke au king'ora cha kiwanda?" Baba alicheka mpaka akashika mbavu. Kisha akasema kwa sauti, watu wote wasikie: "Mmesikia wenyewe. Wanangu wamepata mama."

Hakuvitambua.

Ulivipiga siku alipopata kazi. Ulivipiga tulipobatizwa, mmoja mmoja. Nimejaribu kumtetea, nikasema labda ni masikio, mtu anayeshinda kwenye msumeno husikia nusu. Lakini huyuhuyu Baba redio ikinong'ona chumba cha pili anasikia, anauliza nani amegusa.

Jioni Mama Mdogo aliniuliza, hapahapa jikoni, "Atu, nani alipiga vile?" Nikasema sijui. Akakoroga mboga weee, kisha akasema, "Basi tuache hivyohivyo. Baba yenu hajacheka siku nyingi." Si mtu mbaya. Hatupigi, chakula hatunyimi, na Tumpe anamsuka vizuri kuliko ninavyomsuka mimi. Ningefurahi awe mbaya, ningejua pa kuweka hasira.

Hasira ninayo tangu lile lori. Unajua tulikupeleka kwa lori la mbao? Mpaka Mbeya, halafu Tukuyu, mvua inanyesha, mimi nimekaa nyuma na jeneza nimelishika lisiteleze. Sikulia kwa sauti. Mashangazi wakasema mtoto huyu ana moyo wa jiwe. Nikanyamaza. Baba akaleta mke mwingine udongo wako haujakaa sawa, nikanyamaza. Akasema tumwite Mama. Nikaishia kumwita Mama Mdogo, nikaona hapo nimepigana vita.

Sasa kilichofanya nichukue karatasi. Jana Baba alifungua sanduku lako la bati. Akatoa ile kanga nyekundu yenye ukingo mweusi, ileile ya kututandikia, akaikunja upya, akairudisha. Anasema kesho kwenye chakula cha Krismasi, mbele ya wageni, atampa Mama Mdogo, zawadi ya vigelegele. "Kanga zenyewe siku hizi dukani hakuna," akasema, "na hii imepata mwenyewe." Tumpe akapiga makofi. Anaamini kabisa. Ameniuliza kitandani, "Mama Mdogo anapiga kama Mama, eti?" Ningemjibu nini? Nikisema ukweli, ile siku yake ya kuwa wa kwanza naiharibu. Nikikaa kimya, kesho wewe unatolewa nyumbani kwa mara ya pili, na safari hii kwa sauti yangu mwenyewe.

Mwakani nitakaa mbele na akina mama, Mama, hiyo nakuahidi. Tumpe akitajwa, hata akiwa wa mwisho, nitamtandikia. Gwamaka pia, hata kama atakataa kwa kuona amekua. Kama si kanga yako basi hii yangu iliyopauka. Na nitapiga uso wazi.

Ndaga fijo, asante sana kwa yote. Lala vizuri huko kwenu kwenye migomba, na mvua ya Tukuyu isikusumbue. Mimi huku…

Mbwa amebweka. Nilidhani wote wanarudi kutoka mazoezi ya kwaya, lakini ni miguu ya mtu mmoja. Ni Baba. Namsikia anakwangua tope la mabuti kwenye kile chuma cha mlangoni, anahema. Mkono wangu umeshashika ungo tayari kufunika, umezoea.

Sifuniki. Karatasi naiweka juu ya mchele, maandishi yatazame juu. Kanga bado iko sandukuni mpaka kesho. Asome. Akisema nimeota, nitampigia hapahapa jikoni, viwili virefu na kimoja kifupi.