Kikapu cha Simu

Ijumaa, 11 Oktoba 2024

Wamemchukua Hezroni. Mwanangu mkubwa! Alikuwa anapalilia tangawizi, matope mpaka magotini, hata kunawa hawakumruhusu. Polisi watatu kutoka Same. Wanasema Jumanne ghala la tangawizi limevunjwa kule Bendera, mlinzi kapigwa kichwani, hajitambui. Na simu ya Hezroni ilikuwa palepale.

Uongo. Jumanne alikuwa kwenye msaragambo kutwa nzima, wanaume wote wa kitongoji wanazibua bwawa letu la ndiva kabla ya mvua za vuli. Uji nilimpakulia mimi. Jenifer mkewe analia, mtoto naye analia. Nimewapikia chai. Hakuna aliyekunywa.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeshuka Same na makande. Afande ni mdogo kuliko Hezroni. Kaniamkia vizuri, shikamoo mama, halafu akaniambia nionje makande mbele yake. Kama vile nimekuja kumpa mwanangu sumu!

Nikamwambia kitongoji kizima kilimwona akichimba. Akasema hao wote ni ndugu zenu na majirani zenu, mama. Mnara wa simu hauna ndugu. Mchana simu ilikuwa Bendera, jioni ikarudi kwenu Mamba. Basi.

Hapo nikakumbuka kikapu.

Kwenye msaragambo simu zote zinawekwa kikapuni, maana vijana walizidi — jembe mkono mmoja, simu mkono mwingine. Kikapu nakaa nacho mimi, karibu na sufuria za uji. Asubuhi ile akapita Elirehema, mdogo wake Hezroni, na bodaboda yake. Yeye alishatoa jogoo ili asichimbe. Mama, nipe simu ya kaka, yangu imeisha chaji, nina abiria wa Bendera. Nikampa. Ni ndugu yake, ningemnyima?

Nikamnong'oneza Hezroni: baba, sema simu alikuwa nayo mdogo wako. Kumbe anajua. Akasema, na yule mlinzi akifa, mama? Nyamaza.

Kala makande yote. Kala haraka kama mtoto.

Jumapili, 13 Oktoba

Kanisani wameombea familia iliyo kwenye jaribu. Shingo zote zikanigeukia. Si wangetaja jina tu!

Elirehema kaja kula. Nikamuuliza. Anasema alibeba watu wawili, akawashusha karibu na ghala, akawasubiri, akawarudisha. Hakuuliza walichofuata. Nikasema basi twende Same ukaseme hivyohivyo. Akacheka, kicheko kikavu. Wataniambia ahsante kijana, nenda nyumbani ukalale? Mama na wewe!

Kaacha nyama kwenye sahani. Huyu mtoto hajawahi kuacha nyama. Na shati lake kalifua mwenyewe wiki hii. Sijamuuliza kwa nini.

Jenifer alikuwa mlangoni. Sijui kasikia kuanzia wapi.

Jumatatu, 14 Oktoba

Sikukuu, ofisi zimefungwa. Elirehema kaondoka alfajiri, kasema anakwenda Jipe kwa rafiki yake mvuvi. Simu yake haipatikani.

Mchana habari imefika. Mlinzi amefariki. Anaitwa Amiri, kamwacha mama yake. Mungu anisamehe, sikumlilia yeye kwanza. Nililia wangu.

Jenifer kanisogelea jikoni, pole pole, bila kelele. Mama, huyu aliye ndani ulimzaa au ulimwokota?

Nilikwenda kumkatia ng'ombe majani. Ng'ombe ameshashiba.

Jumanne, 15 Oktoba

Same. Leo wanampeleka mahakamani. Mauaji — hakuna dhamana. Naandika hapa kwenye benchi la kituo, mikono isikae bure. Jenifer yuko pembeni yangu ananyonyesha.

Hezroni kapitishwa na pingu. Kaona kibakuli cha makande. Kasema, mama, leo sina njaa, mwekee mdogo wangu. Mimi ndiye niliyetoa simu yake, na yeye ndiye anayenibembeleza!

Nimeshindwa. Nimemwambia afande nina neno. Akafurahi huyo! Subiri nimalize hapa ndani, mama yangu, utaniambia yote. Kama kuna mtu mwingine nataka namba yake tu. Akiiwasha simu tunajua aliko, hata awe juu ya mti.

Namba ninayo. Nimejiambia haitasaidia kitu, ameizima.

Simu yangu inaita kwenye fundo la kanga. Elirehema. Kaiwasha!

Zima, mwanangu. Zima.

Jenifer anauliza, ni nani huyo, mama? Mlango umefunguliwa. Afande ananiita kwa mkono, haya mama, karibu.

Bado inaita.