Tandala wa Shamba la Baba

Xiaobei, Jumapili

Baba amenibipu jioni nikiwa nafunga marobota ya nguo za kupeleka nyumbani, hotelini huku ng'ambo, nikampigia, akanisimulia. Yule tandala dume mkubwa, tuliyekuwa tukimvizia pamoja kila msimu, leo alitoka kichakani akasimama katikati ya mahindi yetu. Baba alikuwa peke yake na bunduki.

"Umempiga?" nikamuuliza.

"Nilimlenga, mwanangu. Nikashusha bunduki."

"Kwa nini, Baba?"

"Ningembeba na nani?"

Nikamwambia angewaita majirani. Akasema ndiyo, angewaita. Dakika za kadi yangu ya simu zilikuwa zinakwisha.

Nilitaka kumwambia nitarudi kabla ya mavuno, lakini sijui kama ni kweli. Nikamuuliza tu kama amekula.

Akasema bado. Hata mimi sijala.