Uji wa Mama Gitonga

Kibirichia, Alhamisi, 14 Agosti 1997

Ukungu haujaondoka tangu asubuhi, na nimeshindwa hata kumenya viazi. Naogopa, acha niandike hivyo hivyo.

Kaka yangu Murithi amelazwa Meru mjini. Ana miaka thelathini na sita, na Jumatatu moyo wake nusura usimame akiwa analima. Leo daktari aliniuliza ni nani mwingine kwetu aliyewahi kuanguka ghafla. Nikamtajia babu. Kuhusu baba nikasita, kwa sababu kwetu tunasema baba alilishwa sumu.

Tumesema hivyo miaka kumi na mmoja. Alikunywa uji kwa jirani yetu, Mama Gitonga, akashika kifua, akafa kabla ya jua kutua. Tangu siku hiyo hatujaonja kitu cha mama huyo. Hata kanisani hatukai benchi moja naye.

Nilipomweleza daktari, alitikisa kichwa. Alisema ule mwako wa mwili unaovimbisha kidonda ili kipone, wengine hurithi jeni zinazouzidisha, na huenda ukaharibu mishipa ya moyo polepole. Wataalamu ndio kwanza wanachunguza, na kipimo hapa hakuna. Lakini watu watatu wa nyumba moja, alisema, haiwezi kuwa uji.

Jumamosi wazee wa kina Njeru, mchumba wangu, wanatoka Kianjokoma kuja kuniposa. Wataulizia magonjwa ya ukoo, kama ilivyo desturi. Mama ameshapanga jibu.

"Wewe nyamaza," aliniambia. "Babu yako alikuwa mzee. Baba yako ni sumu. Sumu haiingii kwa damu ya watoto."

Nakiri, nilikubali. Nampenda Njeru. Kisha nikajikuta nimeweka mkono kifuani, nasikiliza mapigo yangu.

Alasiri nikaenda kwa Mama Gitonga. Alikuwa anakatia ng'ombe majani. Sikujua pa kuanzia, nikamwambia tu maneno ya daktari. Akaketi chini pale pale.

"Kwani si mimi?" akauliza. "Mimi nimekuwa nikifikiria labda ile sufuria ilikuwa imeguswa na dawa ya kunyunyizia viazi."

Hata yeye alikuwa ameamini.

Naogopa kuachwa. Naogopa zaidi moyo wangu huu, na watoto nitakaozaa. Lakini Jumamosi nitasema ukweli, na wazee wakitaka kurudi na mbuzi wao, warudi.

Nimemwomba Mama Gitonga aje apike uji wa wageni. Mama bado hajui. Nitamwambiaje?