Mwizi wa Kiota ya Ine

Siku ya kwanza, tarehe 4 mwezi wa pili 1952
Viota tisa leo, pembeni ya reli. Yote ya ndege ya namna moja: kale kadogo ka majani, mukia murefu, kelele mingi. Kiota ya kwanza, mayai nyeupe. Ya pili, nyekundu kama udongo. Ya ine, bleu, rangi ya mbingu, tatu, na mistari juu yake kama vile muntu alijaribu kalamu. Kila mama na rangi yake. Padri wa misheni hakuamini. Sasa alinipa kitabu na crayon niandike. Kugusa hapana. Nani mwingine kwa équipe yetu ya kukata majani anajua kusema "bleu clair"? Mimi, minyi huyu, nilifika mpaka Lobito, nikakula samaki ya bahari. Hapa nyuma ya kitabu ninaandika mambo yangu. Padri hafikake nyuma.

Tarehe 5
Kiota ya ine: mayai mbili bleu ya jana. Ya tatu bleu vilevile, lakini mistari hakuna. Matone tu. Muntu alibadilisha.
Kila kiota ninafunga majani fundo, kupe-kupe, panga zetu, isipite pale. Fundo zangu anazijua muntu moja: Ilunga, mwenye kukata na minyi. Nilimuuliza.
"Shemeji, unachunga mayai kuliko nyoka," njo jibu lake. Akacheka. Mwenye kosa anachekaka.

Siku ya tatu, tarehe 6
Kiota ya saba, mambo ileile. Padri aliona vile nilifuta na kuandika tena. "Uliona, ao uliota?" Haya ilinishika mpaka masikio.
Ilunga anataka kitabu, aandike yeye. Anataka Padri aniite mwongo. Na siku ya Mungu Padri atasoma jina yake na ya Mujinga, dada yangu, mara ya mwisho mbele ya ndoa. Baba alikufa. Mwenye kutoa Mujinga ni minyi, kaka yake.

Tarehe 7
Nilikataa ndoa. Nilimuambia Mujinga, kisha Padri: asisome majina.
Mujinga hakulia. Alitoa chungu ya bukari, ugali yetu, kwa moto.
"Yaya, ukule mayai yako."
Nilikwenda kazi na njaa. Ilunga alikata ngambo ingine ya reli. Saa sita alivuka, akaweka chupa yake ya maji karibu na minyi. Nilikunywa. Bado ninamuzania. Muntu anaweza kukupa maji kusudi usimuangalie mikono.

Siku ya tano, tarehe 8
Nilidanganya kapita, mukubwa wetu wa kazi, tumbo inaniuma. Tangu asubuhi nililala ndani ya majani, karibu na kiota mupya, mayai mbili bleu na mistari. Nimukamate Ilunga na mukono wangu.
Ilunga alikuwa kule kwa daraja. Nilisikia sauti yake.
Mama wa kiota alitoka kutafuta dudu. Ndege ingine ikaingia, ya rangi ya udongo, mudomo munene. Ikatoka na yai mudomoni. Ikarudi, ikakaa kidogo, ikaruka. Niliangalia: mbili tena. Moja ya moto, bleu, mistari hakuna.
Kumbe.
Nilikaa pale na akili yangu yote ya Lobito. Ile mistari ni sahihi ya mama, kama minyi ninaandika jina yangu na mikia tatu. Kama bamama bote wangekuwa na sahihi moja, mwizi angejifunza hiyo moja, akabamaliza. Njo maana rangi ni mingi vile.
Mama alirudi. Aliangalia sana. Alitoboa ile ya mwizi, akaitupa inje.
Yeye aliangalia kwanza.

Siku ya posho, tarehe 9
Kwa Padri asubuhi, kusema yote. Kisha kwa Ilunga. Kusema ilikuwa nguvu. Alisikiliza mpaka mwisho, anasugua kupe-kupe.
"Mwizi ni mwanamuke?"
"Ndiyo."
"Muzuri?"
"Mubaya sana."
"Basi ulinifananisha naye." Alicheka. Minyi nililia kidogo, moshi ya moto yake ilikuwa mingi.
Mujinga haniongeleshi.

Siku ya Mungu, tarehe 10
Majina ilisomwa. Kisha Padri alitufungulia kitabu kikubwa ya ndoa. Ilunga aliweka kidole, hajui kuandika. Na minyi nilikuwa ninasema anataka kitabu na crayon yangu.
Niliandika jina yangu chini yake. Bila mikia.
Mujinga aliangalia ile jina muda murefu. Mangaribi alinipikia.